Jumla Iliyokataliwa

Scholastique aliingia mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, akiwa mgongoni mwa mama yake, Rébecca, wakikimbia vita vya Djugu. Alikulia mtaa wa Nyakasanza, akasoma fizikia kwa shida na kwa ukaidi. Siku ya kutetea kazi yake ya mwisho chuoni, ukoo mzima ulikuja na vitenge vya sare na makopo ya poda ya kummwagia akitoka mshindi, kama ilivyo desturi.

Kazi yake ilihusu hesabu za chembe ndogo kabisa za maumbile. Katika hesabu hizo jibu hutafutwa kwa kuongeza masahihisho: la kwanza hukusogeza karibu na ukweli, la pili karibu zaidi. Halafu mambo huharibika. Masahihisho ya mbele huvimba, na ukiyajumlisha yote, jumla hupaa bila kikomo. Scholastique hakuyatupa. Kila moja aliligawanya kwa kadiri ya uvimbe wake, akajumlisha yaliyonywea, ndipo akaurudisha ule uvimbe juu ya jumla nzima. Jibu likatulia. Akalipima kwa mfano ambao jibu lake linajulikana kwa njia nyingine, na majibu hayo mawili yakalingana.

Profesa Willy, mkuu wa jury, yaani jopo la watahini, aliifungua kazi hiyo kwa mara ya kwanza alipokwisha kuketi. Kwa mara ya kwanza, jamani! Akafunua kurasa mbili tatu, akaifunga.

"Mademoiselle, série inadiverge, inapaa tu; haina somme, haina jumla. Hata mutoto wa première année anajua. Toa hii chapitre, tunakupa distinction leo. Ukikataa, utarudia mwaka."

"Profesa, naomba utazame tableau. Jibu ya kweli iko pale, na ya kwangu iko pembeni yake."

"Nimeshasema."

Ubao ulikuwa nyuma yake, na mtu mzima yule hakugeuza hata shingo. Scholastique angeitoa sura ile, angetoka na digrii yake. Lakini sura ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na ilikuwa kweli.

"Sitaitoa," akasema, akakusanya karatasi zake.

Nje, nyimbo zilipamba moto. Kaka yake, Ephraïm, alikwisha kufungua kopo. Scholastique akainua mkono.

"Bado. Banakataa."

Wimbo ukakatika. Rébecca akamsogelea.

"Ulikosea?"

"Hapana, mama. Jibu iko sawa. Banataka niitoe tu."

"Uliona na macho yako kama iko sawa?"

"Niliona."

Rébecca akampokonya Ephraïm kopo, akalimwaga lote kichwani mwa binti yake. Vumbi jeupe likatua juu ya suti nyeusi ya Profesa Willy, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni.

"Mama, unafanya nini?" akafoka. "Jury haijamukubali!"

"Jury ni ya kwako, papa," akajibu Rébecca, huku akifungua kopo la pili. "Poda nilinunua mimi."