Gauni la Mdogo Wake

Shangazi ndiye aliyempa jina. Fundi alikuwa bado binti mdogo, amevaa gauni jipya, akakatiza sebuleni mbele ya wageni. "Huyu hata umvike hariri," shangazi akasema, "ni gunia lililofungwa utepe." Wageni wakacheka. Mama naye akacheka, na kicheko cha mama ndicho kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Akakua, akawa fundi cherehani asiye na mpinzani mtaani. Walimwita Fundi Gunia, wakidhani wanamtania kwa upendo. Wateja aliwapima kwa futikamba. Nguo zake mwenyewe alizikata kwa kukisia, kisha akaongeza kila upande ili kitambaa kisimguse mwili. Kioo cha dukani kiliwatazama wateja. Yeye alisimama nyuma ya kioo.

Mdogo wake alipoleta kitambaa cha harusi, wivu ulimpanda mpaka mdomo ukawa mchungu. Huyu hakuwahi kupewa jina. Huyu alicheka kwa mdomo wazi, alikula mbele za watu bila haya, na sasa amepata mume. Fundi alishona shingo na mikono kwa ustadi wake wote, lakini kiunoni akasita. Akabana. Kidogo tu, zipu igome asubuhi ya harusi, shangazi akiwepo. Naye aonje.

Siku ya kujaribu, mdogo wake akapiga simu. "Dada, kazi imenibana. Nijaribie wewe, si tunalingana?"

"Tunalingana na nani? Unataka nikupasulie gauni?"

"Wewe nawe! Vaa bwana, kesho nakuja kulichukua."

Mshona vifungo, mama mmoja waliyechangia naye duka, alikuwa ametega sikio. "Vaa tuone. Au unaliogopa?"

Akavaa nyuma ya pazia, akingoja mabega yagome. Hayakugoma. Kifua kikakaa, pindo likatua palepale lilipotakiwa. Zipu ikapanda, ikafika kiunoni, ikakwama.

"Si nilijua?" alisema, machozi yakimlenga. "Gunia."

Mshona vifungo akapitisha kidole juu ya mshono. "Gunia gani? Hapa pamebanwa. Mkono ni wako, ila wewe hushoni hivi. Ulikosea?"

Fundi akautazama mshono.

"Sikukosea."

Mwenzake alimpa wembe wa kufumulia, akarudi kwenye vifungo vyake.

Akalivua, akafumua, akashona upya kama ilivyostahili, akavaa tena. Zipu ikapanda hadi juu. Ndipo mshona vifungo akakigeuza kioo. Ndani yake ulisimama ule mwili wa mdogo wake, aliouonea wivu miaka yote, na juu yake uso wake mwenyewe. Hakujiona mzuri. Sauti ya shangazi haikunyamaza, na kile kicheko cha mdomo wazi bado alikitamani kwa uchungu. Lakini alitafuta gunia mbele, akatafuta ubavuni, asilione lilipo.

Mezani kilibaki kitambaa. Mdogo wake alinunua cha kutosha watu wawili, na fundi alikuwa amejitia haoni.

Akainua mikono yake pembeni, taratibu, kama anayesalimisha silaha. "Nipime."

Mshona vifungo akachukua futikamba. "Niongeze kiasi gani?" akauliza, kwa mazoea.

Fundi akakitazama kioo.

"Usiongeze."