Mtungi Mtupu

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinibebesha mtungi wa gesi. Nikautikisa, ulikuwa mtupu.

"Wa nini basi, Mzee?"

"Omera, ndugu yangu, mteja akiona mtungi, anatulia."

Ufundi wa viyoyozi nilijifunza kwa video za simu, kwa hiyo niliogopa kukosea kuliko wenzangu wote. Skrubu nilizikaza, nikazikagua, nikarudi kuzikagua tena. Walinicheka: "Daktari, mgonjwa amepona, twende!"

Nyinyi mnaoanza, kiyoyozi kikiacha kupoza msikimbilie gesi. Haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, inavuja mahali. Hapa Kisumu mimi nilianza na mashine ya nje, ile inayotoa joto. Sami, wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, hunasa kwenye mapezi yake, yale mabati membamba, mpaka hewa haipiti. Joto likikosa pa kutokea, chumba hakipoi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Mama mmoja wa Milimani. Nilizima umeme, nikaosha mapezi taratibu, yakatoka matope meusi ya sami. Nikawasha, nikapima presha kwa geji: sawa kabisa. Chumba kikapoa. Mtungi nilikuwa nimeuacha karakana makusudi.

"Umeosha tu?" Mama akauliza. "Hata msichana wangu wa kazi angeosha. Gesi iko wapi?"

"Imo ya kutosha, Mama."

"Kijana, niitie mkubwa wako."

Fundi Mkuu alikuja na mtungi, safari hii umejaa. Nikamnong'oneza, "Mzee, ukiongeza, kompresa itaungua." Kompresa ndiyo inayosukuma gesi, ikizidiwa, mashine imekufa.

"Unanifundisha mbele ya mteja?" Akafungulia.

Iliungua wiki hiyo hiyo. "Ni maji," akamwambia Mama, nami nimesimama hapo hapo. "Kijana aliimwagia maji." Akanifukuza, na hakuna karakana mjini iliyonichukua tena.

Nimestaafu sina hata mvi. Nauza nyanya sokoni Katito na mama yangu. Maelezo yangu niliyapanga kichwani, neno kwa neno, kwa siku nitakayokutana na yule mteja. Juzi akasimama mbele ya meza yetu.

"Si ni wewe uliharibu AC yangu na maji?"

Mama yangu akanigeukia, akisubiri nijibu. Maelezo yote yalikuwa mdomoni. Lakini sikuwa na mtungi wa kumwonyesha.

"Ni mimi, Mama. Pole," nikasema, nikaanza kumchagulia nyanya, moja moja, zisizo na doa.