Mkono Uliotangulia Jicho

Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa siku mama mkwe wangu alipombeba hadi mlangoni, akamgeuzia kwenye mwanga. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo na jua lilikuwa kali. Akapitisha kidole mbele ya uso wa mtoto, akarudia. Kisha akaniambia taratibu, "Mama, huyu mtoto anasikia kila kitu. Lakini haangalii."

Niliposogea niliona weupe katikati ya mboni zake, kama tone la maziwa.

Tulitoka Marangu tukashuka Moshi siku hiyo hiyo. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba alizaliwa hivyo. Mimi nilikuwa nikidhani ni ugonjwa wa wazee tu. Akafanyiwa upasuaji, akapewa miwani ya saizi yake yenye mkanda wa kufunga kichwani. Siku ya kuruhusiwa, daktari alinitahadharisha nisiwe na haraka. Macho yamefunguliwa, alisema, ila kuona atajifunza.

Sikumwelewa mpaka tulipofika nyumbani.

Bibi yake alikuwa amemtengenezea kibuyu kidogo chenye mbegu ndani. Tangu kabla ya upasuaji alikipenda kuliko kitu chochote. Hata akiwa amelala nusu, ukimgusisha kile kibuyu mkononi alikishika na kukitikisa. Basi nikakiweka mkekani mbele yake. Akakitazama kama anavyotazama ukuta, akageuka. Nilidhani upasuaji umeshindikana.

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu akimenya ndizi za supu ya mtori. Alinyoosha mguu akakisukuma kibuyu, mbegu zikalia. Mtoto akashtuka, akapapasa mkeka mpaka akakipata. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia mwili unanisisimka. Alifumba macho. Akakizungusha kibuyu mikononi, polepole, shingo yake, tumbo lake, kikonyo chake. Akafumbua, akakitazama. Akafumba tena, akapapasa. Akafumbua.

Kisu cha mama mkwe kilikuwa kimesimama katikati ya ganda.

"Usimguse," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mkono unalifundisha jicho."

Tukakaa pale tukimtazama, na ndizi zikaanza kuwa nyeusi kwenye beseni. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani kuona ni kufungua macho tu. Kumbe kila kitu ninachokitambua bila kufikiri, kikombe, mlango, uso wa mtu, niliwahi kukisoma hivyo hivyo nikiwa sijui hata jina langu, na kazi yote ile nimeisahau.

Siku zilizofuata alifanya mengine. Alimnyooshea mkono ng'ombe aliyekuwa zizini, mbali, akakunja vidole hewani, kisha akaukagua mkono wake mtupu. Alijaribu kukiokota kivuli cha jani la mgomba sakafuni, akakikwaruza kwa kucha, na kivuli kikapanda juu ya mkono wake. Hakulia. Alitulia akikiangalia.

Baba yake ni mpagazi wa watalii, na juma lile alikuwa mlimani na wageni. Aliporudi nilikuwa nimesimama uani na mtoto mgongoni. Nikamhamishia kifuani ili amwone. Mume wangu alitokea chini kabisa ya njia, kati ya miti ya kahawa, akipanda kimya kwa uchovu. Nilihisi mtoto anakakamaa. Sijui hasa alichokiona, lakini nadhani aliona kitu kidogo kama kidole kinachokua, kinakuwa kirefu, kipana, na hakikomi. Akanishika nguo kwa mikono yote miwili, akajificha.

Nikamwambia mume wangu, aliyekuwa amebakiza hatua chache kutufikia, asimame hapo alipo na aseme kitu.

"Mama mdogo," alisema, kama alivyozoea kumwita binti yake. "Nimerudi."

Mtoto akainua kichwa. Akautazama mdomo uliotoa sauti ile, macho yake makubwa nyuma ya vioo, akasubiri. Baba yake akaita tena. Ndipo alipoachia nguo yangu, mkono mmoja kwanza, akaunyoosha.