Siku Ndege Ilipokuwa Yatima

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, viganja hunitoka jasho hadi leo. Tulikuwa wawili ndani ya kindege chepesi juu ya Ziwa Kivu, na hapakuwa na mtu aliyekiongoza. Lakini nianze mbali kidogo, maana mzee akianzia katikati watu husema amechanganyikiwa.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilifundisha hesabu katika shule moja ya Bagira, hapa Bukavu, na nilipanga chumba kimoja. Mama yangu alikuwa Shabunda. Barabara ya kwenda huko ilikuwa imekufa: madaraja yamevunjika, na msituni kulikuwa na wenye bunduki. Aliyetaka kufika alihitaji ndege, na ndege za mizigo hazikumchukua mwalimu asiye na mtu wa kumsemea. Miaka miwili sikumwona. Nilikula peke yangu, nikazungumza na ukuta, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Basi nikajiambia nitajifunza kuruka mwenyewe, nikamchukue. Ujana, mwanangu.

Niliyatafuta mafunzo hayo kila mahali. Katika ofisi moja mjini waliniomba karatasi tisa, kisha wakaniambia shule iko Kinshasa, na Kinshasa wakati ule ilikuwa upande wa pili wa vita. Marubani wa mizigo walinicheka. Jirani yangu akaniambia aliye juu mngoje chini, nami nikacheka naye, ingawa iliniuma. Mwishowe mlinzi mmoja wa uwanja wa ndege wa Kavumu akanielekeza kwa Papa Anselme, fundi mzee aliyekuwa na kindege cha viti viwili, ambacho wenye mashamba ya chai walikuwa wakikirusha kwa raha zao siku za amani. Wanajeshi walimruhusu akirushe karibu na ziwa, mahali wanapoweza kukiona, kwa sababu yeye ndiye aliyewatengenezea jenereta. Alikubali kunifundisha, nami nikawa namsaidia kuosha vipuri kila Jumamosi.

Kindege kile kilikuwa na sukani mbili, mmoja wa mwalimu na mmoja wa mwanafunzi. Ukisogezwa mmoja, wa pili unafuata. Nami nililelewa vizuri mno. Mama alinifunza kwamba kitu kilicho mkononi mwa mzee hakiguswi mpaka akukabidhi, na kwamba mzee akisema haombwi kurudia. Mwezi wa pili wa mafunzo, tukiwa juu ya maji, Papa Anselme akaniambia, "Shika." Nikaitikia kwa kichwa. Sikujua kama ni kushika pamoja naye au peke yangu, na kuuliza niliona ni utovu wa adabu. Nikaweka vidole juu ya usukani kwa heshima, kama mtu anayepokea mkono wa askofu. Yeye akaachia, akavua miwani aifute.

Kindege kikaanza kulalia kushoto, polepole. Nikadhani mwalimu anakata kona. Yeye akadhani ni mimi, na baadaye aliniambia kwamba alikuwa akinisifu kimoyomoyo. Tukaendelea hivyo, kila mmoja akimwamini mwenzake, mpaka nikawaona wavuvi wakijitupa majini kutoka kwenye mitumbwi yao. "Ni nani iko nashika?" mwalimu aliuliza. Sikujibu. Aliunyakua usukani kwa mikono miwili, na tukapita karibu sana na maji hata niliweza kuona nyavu zao.

Tulipotua hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa juu ya pipa tupu.

"Ulizani ni mimi niko nashika?"

"Ndiyo, papa."

"Na mie nilizani ni weye. Ile ndege ilikuwa yatima, mutoto yangu, na wazazi wawili wako ndani. Heshima yako itatuua. Kule juu heshima ni kusema. Sema niko nayo, ao sema siko nayo. Lakini sema."

Akanipa wiki moja nikae nyumbani nikautafute ulimi wangu. Alhamisi nilikwenda parokiani kwenye foni, ile redio tuliyozungumzia na ndugu zetu wa ndani, kule msituni, huku foleni nzima ikisikiliza. Kila mwezi nilimwambia mama kwamba niko vizuri, naye kila mwezi alinijibu kwamba yuko vizuri, asante Mungu. Siku hiyo maneno ya yule mzee yalikuwa bado yananiwasha. Nikasema, "Mama, siko muzuri. Niko peke yangu, hata wa kula naye sina."

Naye akasema, "Na mimi siko muzuri, mwana wangu. Ni mwezi ya tatu siinuke ku kitanda, hata ku foni wananibeba. Niliogopa utahangaika."

Nilimwendea Papa Anselme siku hiyohiyo, nikamwomba msaada wa kumleta mama bila kumung'unya maneno. Akanikemea kwa nini sikusema tangu mwanzo, kwani marubani wa mizigo walikuwa rafiki zake. Baada ya wiki mbili mama alishuka Kavumu, ameletwa juu ya magunia. Daktari alisema ugonjwa ule ungeonwa mapema ungetibika. Aliishi nami mwaka mmoja na nusu, kisha nikamzika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulifichana kwa mapenzi.

Na kuruka je? Petroli ilikwisha, Papa Anselme akahamia ng'ambo ya ziwa kwa binti yake. Niliruka mara kumi na moja tu, na rubani sikuwa.

Sasa nasikia umepata shule ya ndege ndogo huko mbali, na kwamba unaogopa kuniambia kwa kuwa nitabaki peke yangu. Nenda. Mwalimu akikuambia jambo usilolielewa, muulize, hata akiwa na mvi. Mficha uchi hazai. Ukiona mkubwa anakosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie mapema. Na ukinipigia simu, usiseme uko vizuri kama hauko. Mimi nami sitakudanganya: tangu mama yako afariki nyumba hii imekuwa kubwa mno kwangu, na kuna siku natandika meza ya watu wawili. Nakuambia si ili ubaki. Nakuambia kwa sababu niliwahi kunyamaza.

Mungu akupe anga tulivu, mwalimu mkali na kinywa kisichoogopa. Akurudishe Bukavu mzima, unikute ningali hai.