Nusu Siku ya Rehema

Siku yangu ya kwanza kwenye kinu cha mpunga hapa Garsen, msimamizi wa ghala alinikabidhi bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho ukikichoma kwenye gunia hutoka na punje.

"Uma punje moja," akasema. "Imekatika au imebonyea?"

"Imebonyea."

"Basi haijakauka. Ukiupokea mpunga huo, utapata joto ghalani uote ukungu, na lawama utabeba wewe."

Hiyo ndiyo kazi ya mpimaji. Niliifanya miaka mingi, asubuhi hadi jioni, chini ya mameneja watatu. Wa tatu alikuwa mama mpole asiyerudia neno. Wakati wake, mchele tuliopeleka mjini Madogo ulirudishwa una ukungu. Hakunigombeza. Siku chache baadaye aliniita.

"Mzee Kahindi, naomba ugawane saa zako na Rehema wa kijiji cha Idsowe. Yeye asubuhi, wewe mchana."

Rehema alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, lakini kila alikoomba kazi alikataliwa, kwa kuwa mgongo wake haukustahimili kuketi zaidi ya nusu siku.

"Mnanitoa kidogo kidogo?" nikauliza.

"Hapana. Ukikataa, utabaki na siku yako nzima."

Sikumwamini. Mshahara nao ungegawanywa, ingawa nilikuwa na shamba la ndizi la kunishikiza. Nikakubali.

Asubuhi ya kwanza ya Rehema sikutakiwa kazini, lakini nilikwenda. Nilitaka kuona atayafikiaje magunia ya juu. Hakuyafikia, wala hakujaribu. Aliwaomba wapagazi wayasimamishe chini, mojamoja, kisha akachoma bambo karibu na sakafu.

Mkulima mmoja akanung'unika, "Dada, mpunga huu Mzee Kahindi angeupokea."

Rehema akampa punje. "Iume mwenyewe, kaka."

Ikabonyea. Nikachukua bambo nikachoma gunia lile lile juu, nilivyozoea. Nikaiuma punje, ikakatika. Juu pakavu, chini pabichi.

"Mzee," Rehema akaniuliza, "wewe huchoma wapi?"

Miaka yote nilipima nikiwa nimesimama, nikichoma pale mkono ulipofika bila kuinama. Nilikwenda ofisini nikamweleza meneja mchele wa Madogo uliharibikia wapi. Alinisikiliza, akaniambia nirudi kazini mchana wangu.

Tangu hapo nilifika kabla ya saa sita, tufanye makabidhiano: Rehema ananionyesha mpunga uliorudishwa uwanjani kuanikwa, nami naufuatilia hadi jioni. Siku mgongo ulipomzidi nilianza mapema. Naye msimu wa kupanda alinishikia saa moja ya ziada, akiweza.

Nilipostaafu, meneja alimpa Rehema siku nzima. Akaikataa, akaomba mchana wangu apewe mama mmoja wa Ndera asiyesikia. Nilimfundisha mama huyo kwa wiki moja, na mimi nikajifunza ishara za "kavu" na "bichi."

Siku ya mwisho Rehema aliniuliza kwa nini nilikubali kugawana naye. Ningeweza kusema nilimhurumia. Nikamwambia ukweli: niliogopa kufukuzwa.

"Na asubuhi ile ulikuja kufanya nini?"

"Kukuona ukishindwa, mwanangu."

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana sikubishana na mkulima, nikakuuliza wewe huchoma wapi."