Kigong'ota Aliyemwita Shangazi

Msitu wa Jozani ulinuka majani yaliyooza na maji ya kinamasi, na harufu ile ilitufuata mpaka uani kwa shangazi Mize, kijijini Pete. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nna miaka tisa. Mama alijifungua mjini, nikapelekwa kwa shangazi msimu mzima wa masika. Mumewe, mchonga vinu, aliingia msituni na shoka lake mwaka uliotangulia, asirudi. Walimtafuta, hawakuona hata ndara. Majirani walikwisha kumsahau, kwani asiyekuwapo na lake halipo. Shangazi hakusahau. Kila siku jua likifika utosini na kijiji kikinyamaza, tulisikia kutoka msituni: ko-ko-ko, kimya, ko-ko-ko. Shangazi aliacha kukuna nazi, akainua uso. “Naam! Nnakuja,” aliitika, kisha akapakua sahani ya tatu, ya mumewe. Wali ule ulipoa mbele yetu, nami nywele zikinisimama.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. “Shangazi, twende tukamwone,” nilisema. Alijifunga kanga kiunoni. Tulifuata sauti ile kati ya mizizi yenye utelezi. Kila tulipokaribia ilinyamaza, kisha ikaanza mbele zaidi, kama ya mtu anayetuongoza. Shangazi alinibana mkono hadi ukauma. Mwishowe ikagonga juu ya vichwa vyetu, kwenye tawi lililokufa. Alikuwa ndege: mgongo wa kijani wenye vidoa vya manjano, kifua cheupe chenye madoa meusi, kisogo chekundu kama damu mbichi. Alijiegemeza kwa mkia, akagonga, akatulia kama anayesikiliza, kisha akachomoa sisimizi kwa ulimi mrefu.

“Ni kigong'ota, shangazi!” nilinong'ona kwa furaha.

“Nnamwona, mwanangu.”

Hakulia. Alisimama pale mpaka ndege akaruka, na msitu ukazizima.

Kesho yake kugonga kulisikika tena. Shangazi aliendelea kukuna nazi, akapakua sahani mbili. Tangu siku ile sikumsikia tena akiitika kitu kwa sauti ya furaha.

Leo watalii huletwa Jozani kwa magari, nami huwaeleza wajukuu kuwa kigong'ota dume ana utosi wote mwekundu, na jike wekundu wake uko kisogoni tu. Yule wetu alikuwa jike. Nayajua hayo yote. Lakini sasa nami ni mjane, na mtoto akija kunishika mkono anionyeshe ukweli wa namna ile, sina hakika kama nitainuka nimfuate.