Asante ya Mara ya Kwanza

Fomu ya kituo cha afya ilikuwa na maswali ishirini na moja, na Farkhonde aliyajibu yote kwa adabu. Katika wiki mbili zilizopita umekosa usingizi? Hapana. Umelia bila sababu? Hapana. Umetamani kuondoka usirudi? Hapana, Mungu apishe mbali. Aliona si uungwana kumpa habari mbaya mtu asiyemfahamu, tena asubuhi. Alipomaliza aliirudisha fomu dirishani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasinzia mdomo wazi na mkoba kifuani, hadi muuguzi alipomtikisa bega.

Mshauri wa afya ya akili wa kituo kile aliitwa Bi Sadri, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye mafua yasiyokwisha. Aliisoma fomu, kisha akaigeuza, labda upande wa pili una ukweli zaidi.

"Kwa mujibu wa karatasi hii, mama, mji mzima wa Yazd hauna mtu mwenye afya kama yako. Mimi mwenyewe sifikishi alama hizi. Sasa umeletwa na nini?"

"Daktari wa moyo ndiye aliyenituma. Anasema moyo ni mzima, unadunda ovyo tu. Samahani kwa usumbufu, dokta. Huko nje una wagonjwa wa kweli."

"Nyumbani unakaa na nani?"

"Mume wangu na mama yake."

"Mama mkwe yupo kwako tangu lini?"

"Alikuja kwa wiki mbili."

"Lini?"

Farkhonde alihesabu kidogo. "Miaka sita iliyopita."

Alikuwa na miaka hamsini na nane, mzaliwa wa Meybod, binti wa mfinyanzi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa karani wa shule ya wasichana, akisifiwa kwa mambo mawili: hakuwahi kupaza sauti na hakuwahi kuomba ruhusa ya ugonjwa. Watoto wake wawili waliolewa na kuoa mbali, mmoja Tabriz, mwingine Ahvaz. Walimpigia simu kila wiki kumuuliza hujambo, naye akajibu sijambo, na kila upande ukakata ukiwa umetimiza wajibu. Alistaafu siku ya Jumatano. Jumamosi iliyofuata mama mkwe wake, Bibi Aghdas, aliteleza uani akavunjika nyonga. Kuna watu wakistaafu huanza kupanda maua.

Bibi Aghdas alikuwa na miaka themanini na minne, nyonga ya chuma na akili kama wembe. Hakutaka ufagio upite baada ya alasiri, wala radio izimwe wakati wowote. Usiku aliita mara nne: ya kwanza maji, ya pili mto, ya tatu dirisha, na ya nne kuuliza kama ameita.

Iraj, mwanawe, fundi wa vipoza hewa, alikuwa mume mwema. Alikuwa na wema wa mtu anayechungulia jikoni, akauliza kama kuna msaada unaotakiwa, kisha akaondoka jibu likiwa bado njiani.

"Hakuna ndugu mwingine?" aliuliza Bi Sadri.

"Yupo wifi yangu, Shahin. Binti wa pekee. Anakuja kila Ijumaa na sanduku la halua. Akiondoka anasema, 'Wifi, ukichoka nipe mama nikakae naye mwezi mzima.'"

"Nawe unamjibu nini?"

"Kwamba mama ni nuru ya nyumba hii."

"Halafu?"

"Anasema tena, nakataa tena. Anasema mara ya tatu, nakataa mara ya tatu. Halafu anavaa kiatu cha pili, anakwenda."

"Hujawahi kukubali?"

"Nikubali vipi, dokta? Anasema kwa adabu tu."

"Umejuaje?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui."

"Wewe ni mtu wa Yazd," alisema Farkhonde kwa upole. "Unajua."

Bi Sadri alipenga kamasi. Alijua. Asubuhi ileile dereva wa teksi alikuwa amekataa nauli yake mara tatu, naye akamsihi aipokee, na kama angeirudisha mfukoni mara ya kwanza, wangefikishana polisi.

Farkhonde aliinuka kwenda zake. Alipoushika mlango aliuachia, akarudi kukaa.

"Kuna jambo moja," alisema. "Asubuhi moja niliingia kumbadilishia mto. Alikuwa amelala. Nikasimama pale na mto mkononi. Nilisimama muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Sikufanya kitu, dokta. Niliuweka mto, nikaenda kupika chai. Lakini nilijiona nimesimama."

Bi Sadri aliiweka leso mezani. Aliuliza mara ngapi, akaambiwa mara moja, akauliza lini, akaambiwa wiki iliyopita. Hakushtuka, au alishtuka kama wanavyoshtuka watu waliosomea kazi hiyo.

"Huo si ubaya wa moyo wako," alisema. "Hukulala vizuri miaka sita. Ungekuwa mlinzi wa benki wangeshakutoa zamu. Ukijiona hivyo tena, toka chumbani, mwite mumeo na unipigie simu, hata kama nina wagonjwa wa kweli. Na kuanzia leo, mtu akijitolea kukusaidia, unasema asante. Basi."

"Mara ya ngapi?"

"Mara ya kwanza."

"Mungu wangu," alisema Farkhonde.

Alianza na mambo madogo. Kwenye foleni ya mkate, mzee mmoja alimwonyesha njia kwa mkono: "Tafadhali, mama, pita mbele." Farkhonde alisema asante, akapita. Mzee alibaki ameushikilia mkono hewani kama mtu aliyeibiwa msikitini. Siku ya pili aliisifu shali ya jirani yake, Bi Touran. Bi Touran akaivua palepale: "Chukua, ni yako." Farkhonde akasema asante, akaenda nayo. Siku mbili baadaye aliirudisha pamoja na sahani ya maandazi ya lozi na radhi nyingi, naye Bi Touran akaapa kwamba hata hakuwa ameikumbuka, huku ameinyakua kwa mikono miwili.

"Tuseme dozi ilizidi," alisema Bi Sadri kwenye simu. "Ijumaa je?"

Ijumaa Farkhonde aliamka mapema akapanga begi la kijani. Alilipanga kama aibu, mlango umefungwa. Kama wifi angekasirika, mtaa mzima ungesema karani wa watu amemtupa mama wa mumewe. Na kama angekaa kimya tena, angemletea mama mkwe mto kesho, na keshokutwa. Hilo la pili ndilo lililokunja nguo.

Shahin alikuja, akala, akasifu wali, akachekeshwa na mama yake, akaaga. Mlangoni alivaa kiatu kimoja.

"Mikono yako isiume kwa mapishi haya, wifi. Kila wiki tunakusumbua. Wallahi ukichoka nipe mama nikakae naye mwezi mzima, kwangu kuna lifti."

"Asante," alisema Farkhonde.

Shahin alitabasamu, akangoja yaliyobaki. Hayakuja.

"Nguo zake zimo kwenye begi la kijani," aliendelea Farkhonde. Sauti yake ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayesoma tangazo. "Dawa za asubuhi nimezifunga kwa utepe mweupe, za jioni mwekundu."

"Leo?"

"Umesema nikichoka. Nimechoka."

Nyuma yake Iraj alipaliwa na chai. "Farkhonde! Shahin alikuwa anasema tu."

"Najua. Na mimi nimesema tu kwa miaka sita."

Shahin alikishika kiatu cha pili kifuani kama kitoto cha paka. Ndipo sauti ikatoka chumbani, juu ya ile ya radio:

"Nani anakwenda wapi?"

Walitazamana. "Wewe, mama," aliitika Farkhonde. "Kwa Shahin. Ukipenda."

"Kule kwa lifti?"

"Kwa lifti."

"Nileteeni kitambaa changu cha kichwa chenye maua, hiki cha kulalia kinanitia uzee." Fimbo ilianza kugonga sakafu, ikikaribia. "Ijumaa mia tatu nawasikia mnanirushiana hapo mlangoni kama bili ya maji. Hata mmoja wenu hajawahi kuingia ndani akaniuliza."

Usiku ule wa kwanza Farkhonde aliamka mara nne mwenyewe. Mara ya nne alikaa kitandani akijiuliza kama kuna aliyeita. Iraj alinuna siku mbili, siku ya tatu akauliza chumvi iko wapi, ya nne akakaanga mayai, akayapeleka mezani kwa kishindo cha mtu anayewasilisha pingamizi. Mtaani habari zilitembea zikinenepa: begi lilikuwa limepangwa wiki nzima, mara mwezi, mara tangu mwaka mpya. Bi Touran alisema kwamba yeye hashangai, mwanamke yule alishaanza na shali.

Siku ya sita, baada ya chakula cha mchana, Farkhonde alijilaza kidogo kwenye zulia, kichwa juu ya takia. Alipofumbua macho, magharibi ilikuwa inaadhiniwa, na nakshi ya takia imejichora shavuni mwake. Alikaa akalia kiasi, bila sababu ya kutosha kuandikwa popote. Moyo ulikuwa bado unadunda ovyo, ila sasa kwa nafasi.

Siku ya tisa Shahin alimrudisha mama yake. Bibi Aghdas alikuwa amenawiri. Shahin alikuwa ameota mifuko chini ya macho, na kanzu yake ilikuwa imefungwa vifungo juu chini. Alimketisha mama karibu na radio, akaingia jikoni, akaufunga mlango.

"Anaamka mara nne," alisema.

"Mara nne."

"Ya nne anauliza kama ameita."

"Ndiyo."

"Na wewe miaka sita hukuniambia!"

"Hukuuliza."

"Sikuuliza? Kila Ijumaa nimekuuliza kama umechoka!"

"Ukiwa umeshavaa kiatu kimoja, wifi."

Shahin alivuta kibao akakaa kati ya gunia la mchele na jiko.

"Unajua nilikuwa nafika nyumbani nalia?" alisema. "Namwambia mume wangu, yule mwanamke ni chuma, hachoki, anampenda mama kuliko mimi niliyezaliwa naye. Nikakuchukia kidogo. Samahani."

"Mimi nilikuchukia sana," alisema Farkhonde. "Samahani."

Sufuria ilichemka, hakuna aliyeiinukia.

"Sikiliza," alisema Shahin. "Mwezi mzima siwezi, nitakufa, na mimi si wa kufa, bado nina deni la mapazia. Siku kumi kila mwezi nitamchukua."

"Kumi zinatosha."

"Zinatosha, au ni adabu?"

Farkhonde alifikiri. Swali hilo lilikuwa gumu kuliko yale ishirini na moja ya ile fomu.

"Kumi na tano," alisema.

"Wewe mwanamke!" Shahin alijipiga paja. "Nimekupa kidole umetafuna kiwiko! Kumi na mbili."

"Kumi na mbili. Na huku, ile ya nne aamke Iraj."

Iraj, aliyekuwa nyuma ya mlango kwa bahati, alichungulia. "Kuna msaada unaotakiwa?" aliuliza, akageuka kuondoka.

"Asante," walisema wote wawili kwa pamoja, naye akasimama.

Walimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, labda kwa mara ya kwanza.

"Sasa akiniuliza kama ameita, nimjibu nini?"

"Mwambie hajaita," alisema Farkhonde. "Halafu mpe maji, kwa sababu alikuwa anayataka."

Jioni Shahin alipoondoka alikaa kitako kizingitini, akavaa viatu vyote viwili, akafunga kamba, akainuka. Farkhonde alisimama kando yake akingoja, na yale maneno ya nuru ya nyumba yalikuwa tayari ulimini, hayakuwa na pa kwenda.

"Tarehe moja," alisema Shahin. "Begi la kijani. Utepe ule mwekundu unachuja, tafuta mwingine."

"Usijisumbue, nitamleta mwenyewe kwa teksi."

Shahin alimkazia macho.

"Asante," alisema Farkhonde haraka. "Njoo umchukue."